Funika Kombe kwa Saruji: Nani Atalinda Udongo Wenye Sumu?

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Katika zama zetu kombe hufunikwa kwa saruji. Udongo ukichafuliwa kwa metali nzito, husikika kauli kwamba dawa ni rahisi: uchanganywe na saruji, ushindiliwe, mambo yaishe. Hoja yangu ni kwamba saruji ni nyenzo halali ya kitaalamu, lakini bila ulinzi wa sheria hugeuka kuwa msamaha kwa mchafuzi na deni kwa watoto ambao hawajazaliwa.

Risasi, kadimi na aseniki haziozi wala haziungui zikaisha. Udongo wenye metali hizo ukichanganywa na saruji na maji, hutokea mambo mawili. Kwanza, hali ya besi hupanda, na metali kama risasi na kadimi hugeuka kuwa michanganyiko isiyoyeyuka kirahisi. Pili, udongo huganda, na maji ya mvua huupenya kwa shida. Marekani imetumia njia hii katika maeneo mengi yanayosafishwa chini ya sheria yake ya mwaka 1980. Hata hivyo, tuelewane: sumu haijaondoka, imefungwa pingu tu.

Tena pingu hiyo haimfai kila mfungwa. Besi ikizidi mno, risasi huanza kuyeyuka upya. Kromi ya aina yenye sumu kali sharti ibadilishwe kwanza kikemia. Zebaki, inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu kutoka Geita hadi Chunya, haishikwi vema na saruji peke yake. Huhitaji kufungwa kwanza kwa salfa. Aidha, hewa ya ukaa huipunguza besi hiyo mwaka hadi mwaka. Anayejibu kwamba zege limeshamwagwa hajajibu swali, ameliahirisha.

Tazameni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi huko mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014 baada ya wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, kupaza sauti kuhusu risasi katika damu ya watoto wao. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo usafishwe. Fidia hiyo ilipingwa kwa rufaa, hata Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kiwanda kilifungwa kwa kufuli, lakini miaka sita baadaye mahakama ilikuwa bado inaamuru udongo usafishwe. Kufunga lango si kusafisha ardhi.

Nasi tusijione tumesalimika. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya maji yaliyovuja kutoka bwawa la mabaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba mchafuzi hulipa, na inaruhusu kutolewa amri ya kurejesha mazingira. Hayo ni mema. Lakini faini huadhibu tendo. Haikai miaka thelathini ikipima maji ya kisima. Na amri ya kurejesha mazingira ina maana gani ikiwa itaisha siku zege linapokauka?

Nasema haya nikiwa Msalato, ambako saruji ni alama ya matumaini: kiwanja kipya cha ndege, ofisi mpya, nyumba za watumishi. Wanaoandika kanuni za nchi hii wanaishi katika mji huu, na mji huu unategemea maji ya visima vya Makutupora. Hakuna anayepaswa kuelewa haraka zaidi kuliko wao kwamba kinachopenya ardhini leo ndicho kinachochotwa kesho.

Nadai mambo matatu. Mosi, saruji isikubaliwe kabla ya udongo husika kupimwa maabara isiyolipwa na mchafuzi, na matokeo yawekwe hadharani kwa Kiswahili. Pili, mchafuzi aweke dhamana ya fedha ya kugharimia upimaji wa maji na udongo kwa miongo, ili kampuni ikifilisika au ikiuzwa, mzigo usihamie kwa halmashauri. Tatu, eneo lililofungiwa sumu liandikwe katika kumbukumbu za ardhi, asije mnunuzi asiye na habari akachimba msingi wa nyumba au kisima.

Atakayesema masharti haya ni ghali ajibu: ghali kwa nani? Gharama ipo tangu siku sumu ilipomwagwa. Kilichobaki kuamuliwa ni kama italipwa na aliyevuna faida au na mtoto anayecheza juu ya vumbi. Watumishi wa umma, kalamu iko mikononi mwenu. Wanafunzi na wanaharakati, msiwaache walale.