Mwalimu Mkuu Naye Akae Chini Ajifunze

Katika vijiji vyetu vya Kibiti na delta ya Rufiji, mazungumzo ya barazani baada ya sala ya Ijumaa hayachelewi kufika kwenye shule. Huyu hulalamika kuwa mjukuu wake yuko darasa la nne na hawezi kusoma barua. Yule husema madawati hayatoshi. Wa tatu huwatupia walimu lawama zote. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: je, walimu hao nao wanafundishwa na nani, na mwalimu mkuu wao ana sehemu gani katika mafunzo hayo?

Ni maoni yetu kwamba mwalimu mkuu wa shule ya msingi hana kazi kubwa kuliko kuwakuza walimu wake. Kazi hiyo haimaliziki kwa kusaini barua ya ruhusa. Humlazimu akae nao, ajifunze pamoja nao, kisha awaandae baadhi yao kushika uongozi.

Tunaijua vyema desturi iliyozoeleka. Barua ya semina inapofika, mara nyingine mwalimu mkuu huenda mwenyewe, akarudi na kabrasha, na kabrasha likafungiwa kabatini. Mara nyingine humtuma mwalimu kijana, naye akirejea na maarifa mapya hakuna anayemuuliza amejifunza nini. Katika hali zote mbili fedha imetumika, siku zimepotea, na mtoto darasani hakupata kitu.

Huenda wapo watakaosema haya ni maneno ya barazani tu. La hasha. Mwaka 2008 mtafiti Viviane Robinson wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, pamoja na wenzake, walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu kazi za wakuu wa shule. Walipima mambo matano, likiwamo kuweka malengo, kusimamia ufundishaji na kugawa rasilimali. Lililoonekana kuhusiana zaidi na mafanikio ya wanafunzi ni mkuu wa shule kuyahimiza mafunzo ya walimu na yeye mwenyewe kushiriki humo kama mwanafunzi. Sababu yake haifichiki. Mkuu aliyejifunza pamoja na walimu wake anajua wamekwama wapi, na walimu nao hawathubutu kulidharau jambo ambalo mkubwa wao amelikalia kitako.

Kwa watu wa delta jambo hili lina uzito wa pekee. Mwalimu wa Kiongoroni, Maparoni, Msala au Salale hawezi kuifuata semina kila mara. Safari yake hutegemea boti na kupwa na kujaa kwa maji, na akiondoka huenda madarasa mawili yakakosa mwalimu. Kwa hiyo mafunzo yanayomfaa zaidi ni yale yanayofanyika shuleni kwake. Huo ndio msingi wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yaliyoenezwa nchini katika miaka hii ya 2020. Humo walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya ya kujifunza, wakajadili somo gumu na kutafuta njia ya kulifundisha. Haja ya vikao hivyo imeongezeka tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Lakini kikao cha namna hiyo kisipokuwa na mwalimu mkuu ndani yake, hugeuka kuwa mahudhurio ya kujaza daftari.

Tutendeane haki: mwalimu mkuu ana mzigo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku huingia moja kwa moja katika akaunti ya shule. Yeye ndiye mwandishi wa hesabu, msimamizi wa ujenzi na mpokea wageni, na bado ana vipindi vya kufundisha. Atapata wapi saa ya kukaa na walimu?

Jibu letu ni kuwa mzigo huo huo ndio unaomtaka akuze viongozi wengine. Katika vyuo vyetu vya Qur'ani, maalim hamfundishi kila mtoto peke yake. Aliyetangulia humsikiliza anayemfuata, na maalim akisafiri chuo hakifungwi. Kwa nini shule yenye walimu waliosomea kazi ishindwe? Msaidizi na azoeshwe hesabu na mihtasari, na mwalimu wa taaluma aongoze kikao mwezi huu, mwingine mwezi ujao. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yametuonya vya kutosha. Maji yakiizingira shule na mwalimu mkuu yuko mjini kikazi, ni lazima awepo mtu anayejua la kufanya bila kungoja simu. Mkuu anayeshikilia funguo zote hujiona imara, kumbe shule yake itaanguka siku atakapohamishwa.

Serikali nayo ina wajibu. Si haki kumtoa mwalimu darasani leo, kumpa shule kesho, kisha kumlaumu kuwa hajui uongozi. Chuo cha kazi hiyo kimo humu humu mkoani Pwani: ni Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, ulioko Bagamoyo, uliotokana na taasisi ya MANTEP iliyoanzishwa mwaka 1979. Halmashauri zetu zihakikishe kuwa walimu wakuu wa visiwani nao wanapata nafasi huko, na ikiwezekana wapelekwe kabla ya kukabidhiwa shule.

Na sisi wazazi je? Wengi wetu tumo katika kamati za shule, lakini mikutanoni hatuzungumzi ila ukuta na vyoo. Tuulize mambo matatu, kwa adabu na bila kuchoka. Mara ya mwisho walimu walikaa lini kujifunza? Mwalimu mkuu alikuwapo mwanzo hadi mwisho? Asipokuwapo, nani anaongoza, na ameandaliwa vipi? Kisha tusiishie kuuliza. Tuchangie chai ya kikao hicho na nauli ya boti, na mwalimu mgeni apate nyumba ya kukaa, ili asiombe uhamisho kabla elimu aliyoipata haijawafikia watoto.

Watoto ni amana mikononi mwetu na mikononi mwa walimu wao. Aliyepewa amana ya kuwaongoza walimu hao hana budi kuwa wa kwanza kufungua daftari.