Jani la mbarika si dawa ya maabara

Ndugu mwandishi, makala yako nimeisoma kwa makini, nami sina hoja na sifa ulizoyapa majani ya mbarika katika kutuliza uvimbe, kwani marehemu bibi yangu alikuwa akilibabua jani juu ya makaa hata likalegea, akalipaka mafuta ya nazi, kisha akalifunga gotini kwa utambaa wa kanga, na asubuhi yake akishuka ngazi haguni. Walakini yafaa wasomaji wajue kwamba kinachojaribiwa maabara aghalabu ni kitu kingine kabisa: majani hukaushwa, yakasagwa, yakarowekwa katika methanoli, ambayo huyeyusha vitu visivyotoka sawasawa kwa maji ya sufuriani, kisha panya hupewa dondoo hilo na kuvimbishwa wayo kwa sindano ya karajinani (nayo, ajabu, hutokana na mwani wa jinsi ile walimayo akina mama wa kijiji cha Paje), ndipo uvimbe ukapimwa. Nafuu ya panya huyo si hoja tosha kwa mwanadamu. Nawe bwana uliyetangulia kutoa maoni hapo juu, unayewausia watu watafune mbegu za mbarika, tafadhali acha: zina risini, sumu yenye kuua.