Fimbo Haikimbii

Wako watu, na wengi wao ni watu wazima wenye vyeo na heshima zao, washikiliao kwamba Mtanzania haendi ila kwa fimbo. Ukiwasikiliza wakizungumza juu ya timu iliyofungwa, watakuambia kwamba mwalimu wa timu alikuwa mpole mno. Ukiwasikiliza juu ya kiwanda kilichofilisika, watakuambia kwamba meneja aliwachekea wafanyakazi. Dawa yao ni moja kwa maradhi yote: apatikane mtu mkali, asiyeulizwa wala kujibiwa, naye atainyoosha timu au kampuni kwa siku chache. Na wakituona twasitasita hututolea methali: punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Twaikataa imani hiyo. Twaikataa kwanza kwa sababu si ya kweli, na pili kwa sababu huvikwa joho la utamaduni, ikasemwa kwamba ndivyo walivyoongoza wazee wetu. Na kuhusu yule punda, yafaa wasomaji waitazame methali vizuri. Imemtaja punda, imemtaja na bwana mwenye mzigo. Haikusema ni nani atakayebeba mzigo wa kesho.

Tuanze na huo utamaduni. Sisi tuandikao haya twaishi Makumira, chini ya Mlima Meru, ambako tangu kabla ya Wajerumani maji yateremkayo mlimani yaligawanywa mashambani kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Mfereji ulikuwa na mzee wake, mara nyingi wa ukoo ule ulioufungua. Lakini mzee huyo, hata angekuwa mkali kama pilipili, hakuweza kuuzibua peke yake. Kwa hiyo watumiaji walikaa pamoja, wakapatana siku ya kazi na zamu za maji. Siku ikifika kila mmoja alitakiwa aje na jembe lake. Asiyefika bila ya udhuru alitozwa faini, na akishikilia ukaidi alikosa maji, na migomba yake ikakauka watu wakiiona.

Je, huo si ukali? Ni ukali hasa. Lakini ni ukali wa makubaliano, si ukali wa mtu. Hapa ndipo wapenda fimbo wanapojichanganya na kutuchanganya sisi. Wao hudhani kwamba anayepinga ubabe anapinga nidhamu. Sivyo. Mtu aliyeshiriki kuitunga sheria ya mfereji huisimamia hata usiku, mzee akiwa amelala. Mtu aliyetungiwa sheria hungoja mzee alale.

Watatuambia kwamba Wameru walikuwa na mangi. Walikuwa naye, na walikuwa pia na washili, viongozi wa koo, ambao mangi hakuweza kuwapuuza. Aliyempa mangi karani, askari na mahabusu ni mkoloni, naye alifanya hivyo ili apate mtu mmoja wa kumwamuru badala ya kuzungumza na watu wote. Ubabe ambao leo twaambiwa ni wa mababu umetoka, kwa sehemu kubwa, katika ofisi ya Bwana DC.

Na matokeo yake yalionekana mlimani humu. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafugie. Nyumba zilichomwa moto. Watu wale hawakujibu kwa kumtafuta mbabe wao. Walijikusanya katika chama chao, wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet akifuatana na mwanasheria Earle Seaton hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Kura hazikutosha kuwarudishia ardhi wakati ule. Lakini Tanganyika nzima ilijua kwamba mkulima wa kahawa aweza kuishtaki dola, na kwamba nauli yake ililipwa na majirani zake. Tungependa kuonyeshwa kiongozi wa fimbo aliyewahi kuchangiwa nauli na watu wake kwa hiari.

Sasa tuingie uwanjani, maana huko ndiko wapenda fimbo hujiona wako nyumbani.

Mwaka 1974 ulitupa mifano miwili, nayo ilipishana kwa miezi minne na siku chache tu. Tarehe 2 Februari, huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi, kijana wa Karatu mwenye umri wa miaka 20, alitangulia tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500 na hakupitwa hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwapo tangu 1967. John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye aliivunja rekodi ile ya zamani, na bado akashindwa. Wajuzi wa mbio waliamini kwamba anayetangulia mapema huwakinga upepo walio nyuma yake, kisha hupitwa. Bayi hakukubali kwamba lazima iwe hivyo. Uamuzi wa namna ile haupigiwi filimbi na mtu aliyeketi jukwaani. Lazima ukae ndani ya kifua cha yule anayekimbia.

Mwezi Juni mwaka uleule, timu ya Zaire ilikwenda Ujerumani ya Magharibi kwa Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Haikuwa timu dhaifu. Mwezi Machi ilikuwa imetwaa Kombe la Afrika huko Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Mobutu aliwapa wachezaji magari na nyumba, nao wakawa mali yake. Walipofungwa 2–0 na Scotland, kisha wakatambua kwamba hawatalipwa haki yao, walitaka kugoma. Wakaingia uwanjani mioyo ikiwa imekufa, wakafungwa 9–0 na Yugoslavia. Kabla ya mchezo wa mwisho dhidi ya Brazil, kama alivyosimulia baadaye mlinzi Mwepu Ilunga, mtu wa Katanga, walitumwa walinzi wa rais kuwaambia kwamba wakifungwa mabao manne wasitazamie kurudi kwao. Walifungwa matatu. Katika mchezo huo Mwepu alitoka mbio katika ukuta wa wachezaji akaupiga mbali mpira wa adhabu ambao Wabrazil walikuwa hawajaupiga. Dunia ikacheka, ikasema Mwafrika hajui sheria za mpira. Mtu yule alijua sheria. Alikuwa anajua pia na hesabu ya mabao.

Wapenda fimbo hupenda kutuuliza: je, Bayi hakuwa askari wa JWTZ? Na Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989? Na Alphonce Simbu, aliyepata ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwezi Septemba 2025? Ndiyo, wote wametoka jeshini, na jeshi lastahili shukrani. Lilimwamsha mwanariadha alfajiri, likamlisha, likampa muda wa mazoezi. Lakini Simbu alipomshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti iliyo ndogo kuliko kupepesa jicho, baada ya kilometa 42 na zaidi, hapakuwa na koplo wa kumfokea pembeni. Kuamrishwa kuamka ni jambo moja. Kushinda ni jambo jingine.

Walimu wasomao haya wamtazame mwenzao wa Iten, nchini Kenya. Colm O'Connell, bradha kutoka Ireland, alifika shule ya Mtakatifu Patrick mwaka 1976 kufundisha jiografia, wala hakuwa amesomea ualimu wa riadha. Kwa kuwa hakujua, alilazimika kutazama na kuuliza. Kutoka mikononi mwake wametoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012, naye pia akiwa mbele tangu mwanzo.

Biashara nayo ina Mobutu wake. Idi Amin, aliyekuwa bingwa wa ndondi wa Uganda, aliamuru mwezi Agosti 1972 Waasia waondoke katika siku 90, kisha maduka na viwanda vikagawiwa askari na marafiki. Hakuulizwa mhasibu, hakuulizwa fundi, hakuulizwa mkata miwa wa Kakira. Nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ikawa inaisaka kwa kibaba.

Sisi Watanzania tusijipongeze upesi. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza yaundwe mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi, majivuno na udhalimu. Wafanyakazi waliusoma wakauamini. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda wenyewe. Kwingineko walioamini vilevile waliondolewa na polisi wakarudishwa vijijini. Hilo lisifichwe kwa wanafunzi.

Wala lisifichwe la vyama vya ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Ushirika ule haukuwa wa malaika. Mwaka 1937 wakulima walifanya ghasia kwa sababu ya kulazimishwa kuuza kahawa kwa njia moja tu. Hata hivyo ulikuwa na mikutano, na mkulima aliweza kusimama akamwuliza katibu fedha zimekwenda wapi. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri, mamlaka za mazao zikachukua mahali pake. Tangu hapo mkulima wa Meru akitaka kuuliza juu ya malipo yake alimwuliza nani? Karani, naye alijibu kwamba maagizo hayajafika. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Lakini katibu aliyezoea miaka sita ya kutoulizwa hafundishiki kwa siku moja, na mkulima aliyezoea kunyamaza naye vivyo hivyo.

Mabaraza ya wafanyakazi yangali yapo hata leo. Katika ofisi moja ambako tulipata kufanya kazi, baraza lilikutana kila mwaka kabla ya bajeti. Mgeni rasmi alisoma hotuba, wajumbe walipiga makofi, posho zikatiwa sahihi. Mwaka mmoja dereva, mtu mkimya, alinyosha mkono akauliza kwa nini fungu la matairi limepunguzwa ilhali magari yote yamechakaa. Mkurugenzi alicheka kwa wema kabisa, akamwambia, "Ndugu yangu, swali lako ni zuri, tutalichukua." Kitabu cha bajeti kilikuwa mezani mbele yake, kimekwisha chapwa na kujalidiwa. Mwaka uliofuata ajenda ikafika kwenye magari, nasi tukageuka kumtazama yule dereva. Alikuwa akisoma gazeti.