Upinde Mpya Hautaziba Zizi

Kijana mmoja wa Burat alinionyesha kwenye simu upinde wa Kimarekani wenye kapi na kebo, akaniuliza: "Mzee, niuze mbuzi niununue?" Fisi walikuwa wamemuulia mbuzi watano usiku mmoja. Nyumbani kwao umening'inia upinde wa babu yake, naye anaamini, kama wengi wetu, kwamba tunashindwa kwa kuwa vyombo vyetu ni vya zamani.

Si kweli, na imani hiyo inatumalizia mifugo.

Sikatai kwamba upinde wa kapi umebuniwa kwa akili. Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969. Unapovuta, uzito hupanda. Kapi zikishageuka, uzito hushuka, ukaweza kutulia na kulenga mkono usitetemeke. Lakini Wawaata, wawindaji wa Tsavo, waliangusha ndovu kwa upinde wa mti mtupu, ambao kuuvuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100. Pinde nyingi za kapi zinazouzwa leo hazifiki hapo. Walijua kupika sumu ya msunguti, walijua upepo unatoka wapi, wakamnyemelea ndovu mpaka karibu kabisa. Ujuzi wa namna hiyo hauagizwi kwa simu. Na haukuwaokoa: msako wa majangili wa 1956 na 1957 uliwatoa porini na kuwatia jela, katika nchi waliyowinda baba zao.

Kijana wetu naye afikirie jela. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina mchezo. Lakini Sheria hiyohiyo inamtambua mfugaji aliyeliwa mifugo kuwa mtu wa kufidiwa. Ni wangapi hapa wanaopiga picha mizoga na kupeleka ripoti kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kabla fisi hawajarudi kumalizia? Wanasema fidia huchelewa. Huchelewa kweli, na inaudhi, na viongozi wetu wanapaswa kuulizwa kila siku. Ila dai lisiloandikwa halichelewi, halipo.

Nilimwomba anipeleke zizini. Fisi huja usiku wa giza, na hakuna mlengaji wa kitu asichokiona, awe na kapi au asiwe nayo. Upande wa magharibi miiba ya mgunga ilikuwa imekauka na kulala chini, haijabadilishwa tangu mvua za mwaka jana. Mbwa ni mmoja, tena mzee, hana meno. Taa hakuna.

Nikamwambia auze mbuzi mmoja tu, anunue waya na taa ya sola, kisha aniazime panga. Tulikata mgunga hadi jua likazama. Tulipoondoa matawi makavu tukaliona shimo lenyewe chini ya ua, limelainishwa na matumbo ya fisi waliopita hapo usiku mwingi, si ule mmoja.