Kwa nini saa ya atomi inachakaa?



Kijana mumoja wa hapa Kasongo aliniuliza: «Pasta, tunaambiwa saa ya atomi haikosei. Sasa namna gani inachakaa?» Swali lake ni zuri.

Mitambo mingi ya simu inapata saa yake kwa satelaiti za GPS, na satelaiti hizo zinabeba saa za atomi. Zingine zinatumia sesiumu, chuma laini sana. Kule Bikita, Zimbabwe, sesiumu ilipatikana ndani ya miamba ya jamii ileile inayozaa koltani. Wachimbaji, hiyo ni ndugu ya mawe munayoyajua.

Musiogope, sesiumu ya saa haina mionzi. Atomi yake haizeeki. Tangu 1967 sekunde moja inahesabiwa kwa mitikisiko 9.192.631.770 ya mawimbi yanayopatana nayo. Kinachochakaa ni nyumba yake.

Nyumba hiyo ni mrija uliofungwa, bila hewa ndani. Mwanzo wake kuna tanuru ndogo yenye gramu chache za sesiumu. Ikipashwa moto, atomi zinatoka kwa mstari, zinapita kwenye sumaku na mawimbi ya redio, halafu mwisho zinahesabiwa.

Basi uchakavu unaingia kwa milango mitatu. Kwanza, sesiumu ya tanuru inakwisha. Pili, atomi zilizopotea njia zinanaswa na kaboni nyeusi, kama ile ya krayo. Kaboni ikishiba, atomi zinazagaa na kuleta fujo. Tatu, kifaa kinachokuza umeme mdogo wa atomi kinachoka kwa kupigwa kila siku.

Munajua taa ya mafuta: utambi mkubwa unaangaza vizuri, lakini unamaliza mafuta mbele. Ni vile vile. Mrija wa kawaida unaweza kudumu miaka 10 hivi. Ule wa mstari wenye nguvu, unaopima vizuri zaidi, miaka 5 hivi.

Hapa duniani fundi anabadilisha mrija. Lakini kule juu nani atapanda? Kwa hiyo kila satelaiti inabeba saa zaidi ya moja: moja ikichoka, ingine inashika kazi.

Kijana wangu, jibu ni hilo. Atomi haichoki, vyombo vinavyoitumikia ndivyo vinavyochoka, na vinataka wa kuviangalia mapema. Tuonane mwezi ujao.