Joto la wodini haliishii jangwani
Kwa mkazi wa Kagarama, wilayani Kicukiro, watu kuuawa na joto ni habari za mbali. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni hupoa.

Lakini joto halimkuti mgonjwa kama linavyomkuta mzima. Mzee aliyelazwa, anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini, huenda asitoe jasho la kutosha wala asiweze kuomba maji. Mwili ukivuka nyuzi 40 na akaanza kuweweseka, ni rahisi kudhani ni malaria. Apozwe upesi kwa maji na upepo, vipimo vifuate. Ufaransa, yenye hospitali tele, ilipoteza takriban watu 15,000 katika joto la Agosti 2003, wengi wao wazee.

Mwaka 2016 Kigali ilitoa jina lake kwa makubaliano ya dunia kuhusu gesi za viyoyozi. Heshima kubwa, ila kiyoyozi ni pambo umeme ukikatika.

Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa 2011 kaskazini mwa Rwanda, ilijengwa hewa ipite yenyewe, hasa kuzuia kifua kikuu. Wizara ya Afya ilifanye hilo sharti kwa kila wodi mpya, na zile kuukuu zianze na kipimajoto ukutani.