Saa Saba Asubuhi ni Saa Gani?



Muhula uliopita nilimkosesha mwanafunzi wangu alama moja, na hata leo moyo wangu haujatulia. Swali lilikuwa jepesi. Mchoro ulionyesha saa ya ukutani, akrabu fupi ikiwa kwenye saba na ndefu kwenye kumi na mbili, na dirishani jua likichomoza. Aliulizwa ni saa ngapi. Akaandika: "Ni saa saba asubuhi." Nikakata kwa kalamu nyekundu.

Nilipomwita ili nimweleze kosa lake, hakubisha kwa ukaidi. Alitoa simu, akafungua mchezo wa msamiati ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeliagiza darasa liutumie, akanionyesha. Mchezo ulisema kwamba 7:00 ya asubuhi ni "saa saba asubuhi". Wiki mbili kabla yake alikuwa ameandika "saa moja asubuhi", ikatokea rangi nyekundu na pointi zake zikapungua. Safari ya pili akaandika lililotakiwa, ikaja rangi ya kijani na mlio wa kengele.

Binti huyu amezaliwa na kukulia Kampala. Nyumbani kwao huzungumzwa Kiganda, na kwa Kiganda saa hiyo huitwa ssaawa emu, yaani saa moja, kama ilivyo kwa Kiswahili. Lugha zote mbili huhesabu saa za mchana tangu kupambazuka. Basi jibu sahihi alikuwa nalo kabla hajafungua kitabu cha Kiswahili. Alilirithi kwa mama yake. Mchezo ulimpokonya alichokuwa nacho, ukampa saa ambayo haipo katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Nilipomuuliza kwa nini hakuja kuniuliza, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, simu ilikataa."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike. Kosa la kutafsiri saa laweza kusahihishwa kwa dakika moja. Lakini mtu aliyezoea kuyaacha anayoyajua kwa sababu simu imekataa hatasahihishwa kwa dakika moja.

Usidhani kwamba jambo la saa ni dogo. Sheria za uchaguzi za Uganda zinaagiza vituo vya kupigia kura vifunguliwe saa moja asubuhi na vifungwe saa kumi alasiri. Mtu aliyefundishwa na mchezo kwamba "saa kumi" ni 10:00 akisikia tangazo hilo kwa Kiswahili atajiona ana muda wa kutosha. Atamaliza shughuli zake sokoni, atakwenda kituoni saa kumi na moja, na atakuta karani anafunga masanduku. Hakuna aliyemnyima kura yake. Ameipoteza kwa sababu ya jibu lililowekewa rangi ya kijani.

Sasa tuainishe makosa, maana hayafanani, na ukiyalaumu yote kwa kauli moja utakuwa umefanya kosa lile lile la mchezo.

Kosa la kwanza ni kosa tupu, kama hilo la saa. Hapa hakuna mjadala. Aliyetunga swali hakuijua lugha, au alichukua tarakimu za Kiingereza akazivika maneno ya Kiswahili. Kosa la namna hii halina tafsiri ya pili, linahitaji kufutwa.

Kosa la pili ni kuchukua jibu moja kati ya majibu kadhaa na kulifanya la pekee. Mchezo huo huo uliwauliza wanafunzi wangu mtu wa nchi, mwenye haki na wajibu ndani yake, anaitwaje. Wengi waliandika "mwananchi". Nyekundu. Jibu lililotakiwa ni "raia". Hebu tulipime jambo hili kwa haki. Katika sheria, "raia" ndilo neno lenyewe: twasema raia wa Uganda, twasema uraia, wala hakuna ofisi itakayokupa cheti cha "uananchi". Kwa fomu ya pasipoti, basi, mchezo una hoja. Lakini "raia" lina maana nyingine pia, nayo ni mtu asiye askari. Isitoshe, lilitoka katika Kiarabu, katika jamii moja na neno la kuchunga mifugo, likiwataja watu walio chini ya mtawala. Katika Uganda, ambako wazazi wengi walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari, neno hilo lina kumbukumbu zake. "Mwananchi" ni mwana wa nchi, na Mganda hulitambua mara moja, kwa kuwa kwao mtu huyo ni munnansi, na nsi ni nchi. Mtoto aliyeandika "mwananchi" hakubahatisha. Alifikiri, akaunganisha lugha mbili, akafika mahali sahihi. Swali lisilosema kama linataka neno la mahakamani au neno la mkutano wa hadhara halina haki ya kumhukumu.

Tazama pia neno "kata". Mtanzania akilitamka katika habari za utawala, anakusudia eneo linalomchagua diwani. Mkenya, kwa desturi ya miaka mingi, anakusudia eneo lililo chini ya chifu, na eneo la uchaguzi wa kaunti mara nyingi huliita wadi. Sisi huku tuna gombolola na muluka, na walimu bado twabishana ni lipi liitwe nani. Mchezo ukiniambia kwamba kata ni kitu kimoja tu, umechagua nchi moja bila kuitaja. Na hapo hata hatujafika kwenye kata ya kuchotea maji, wala kata inayowekwa kichwani chini ya mzigo, wala kitenzi cha kisu.

Kosa la tatu ni kuuliza neno likiwa peke yake, limeng'olewa kama jino. "Kupiga" maana yake nini? Mchezo wajibu: kugonga kwa mkono au kwa fimbo. Basi mwanafunzi akutane na kupiga kura, kupiga simu, kupiga pasi, kupiga picha na kupiga hatua, aone kama fimbo yake itamsaidia. "Haki" je? Ni stahili ya mtu, ni uadilifu, na pia ni ukweli wa jambo. Mwenye haki ya kupiga kura na hakimu mwenye haki wametumia neno moja kwa maana mbili. Neno huishi katika sentensi. Nje ya sentensi ni mifupa.

Kama wataka mfano wa karibu, teremka Soko la Nakasero ukaulize ndizi. Muuzaji atakuuliza wewe: matooke, bogoya, gonja, au ndiizi? Kwa Kiganda ndiizi ni aina moja, zile ndogo tamu. Kwa Kiswahili ndizi ni jina la jamii nzima, na watu wa pwani wana majina yao ya aina, kama mkono wa tembo. Mchezo unapoonyesha picha ya bogoya na kutaka "ndizi", mtoto wa Kampala husita. Kusita kwake ni elimu. Mwalimu aliye hai angeona kusita huko akafurahi, kwa maana hapo ndipo somo linapoanzia. Mchezo huona kuchelewa, ukampunguzia pointi.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, nami sizidharau.

Ya kwanza husema: ni mchezo tu. Ungekuwa mchezo tu kama tungeuacha uwe mchezo. Lakini Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu hawakuongezeka kwa kasi ya uamuzi huo. Pengo likajazwa na simu. Kinachojaza nafasi ya mwalimu hakiwezi kukwepa lawama ya mwalimu kwa kujiita mchezo.

Ya pili husema: bora kujifunza pamoja na makosa kuliko kutojifunza kabisa. Hoja hii ingesimama kama makosa yangekuja yakiwa yamevaa nguo za makosa. Hayaji hivyo. Huja na kengele, na nyota, na pongezi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa tumemsifu mgema, na mnywaji naye anasifiwa kila anapoyanywa maji.

Ya tatu ndiyo yenye uzito: lazima pawe na jibu moja, la sivyo kila mtu atajisemea lake na lugha itavunjika. Nakubali kwamba lugha sanifu inahitaji mwamuzi. Lakini tazama waamuzi wa kweli walivyofanya kazi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1930, iliziunganisha Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda, na kati ya mwaka 1952 na 1962 makao yake yalikuwa hapa Kampala, katika chuo cha Makerere. Naam, mji huu ambao wengi husema haukijui Kiswahili uliwahi kuwa mahali ambapo Kiswahili sanifu kilisimamiwa. Kamusi ya Johnson ilitoka mwaka 1939. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981, ikarekebishwa katika matoleo yaliyofuata. Kamusi Kuu ya BAKITA ikaja mwaka 2015. Kila moja iliongeza, ilipunguza, na ilipingana na iliyotangulia. Na kila moja ina jalada, ina jina la taasisi, ina mwaka. Ukiona fasili usiyoridhika nayo, unajua umwandikie nani.

Mchezo wa simu una nani? Umefungua ukurasa wake wa mwisho ukamwona mhariri? Umeambiwa jibu lake limetoka kamusi gani, toleo la mwaka gani, matumizi ya nchi ipi? Katika somo la uraia tunafundisha kwamba hakimu anapaswa kutoa sababu za hukumu yake, na kwamba aliyehukumiwa ana njia ya kukata rufaa. Kisha tunampa mtoto yuyo huyo mwamuzi asiye na jina, asiyetoa sababu, wala asiyesikiliza rufaa, na tunamsifu mtoto kwa kumtii haraka. Kitufe cha rangi nyekundu hakina "kwa sababu". Ninachokipinga ni hicho hasa. Kosa la neno hutokea hata kwa mwalimu; mimi mwenyewe nimekosea ubaoni mara nyingi, na mwanafunzi akinyoosha mkono nafuta.

Kwa hiyo nadai mambo matatu kwa wanaotengeneza michezo hii na kwa wanaoinunua kwa ajili ya shule. Kwanza, kila jibu litajwe chanzo chake. Pili, palipo na majibu mawili yanayokubalika, yote mawili yapokewe, na tofauti yake ielezwe kwa mstari mmoja: neno hili latumika zaidi Kenya, hili Tanzania, hili katika sheria. Tatu, pawe na mahali pa kupinga jibu, na anayepinga ajibiwe na mtu anayekijua Kiswahili. Hakuna gharama kubwa hapa. Mradi wa Kamusi ulioanzia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 uliwaalika watumiaji wachangie na kusahihisha kamusi yake ya mtandaoni. Kama iliwezekana wakati intaneti ingali changa, haiwezi kushindikana leo.

Nasi walimu tusijifiche nyuma ya watengenezaji. Mchezo uliokosea haukujiingiza darasani kwangu, niliuingiza mimi. Nilikuwa nimeahidi kwamba pointi za simu zitahesabiwa kumi katika mia za muhula, kwa kuwa simu husahihisha yenyewe nami nilikuwa nimechoka. Binti yule alikuwa amejifunza kumtii aliyeshika alama, na aliyezigawa alama hizo kwa simu ni mwalimu wake. Hesabu hiyo nimeifuta. Alama yake sikumrudishia, kwa kuwa saa saba asubuhi haipo, naye alikubali. Lakini nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikamwomba awafundishe darasa zima saa kwa Kiganda na kwa Kiswahili, ubaoni, kwa dakika kumi. Aliyekuwa amenyamaza mbele ya simu hakunyamaza mbele ya watu arobaini.

Na wewe mwanafunzi, endelea kucheza ukipenda. Ila weka daftari kando ya simu. Kila simu inapokataa jibu ulilokuwa na sababu ya kuliandika, andika jibu lako, jibu lake, na sababu yako. Angalia katika kamusi. Muulize muuzaji wa Nakasero, muulize bibi yako, muulize dereva aliyekulia Tanga au Mombasa. Kisha niletee daftari hilo darasani. Ukiwa umekosa, utajua umekosa wapi. Ukiwa umepata, tutaandika barua pamoja kwa waliokukatalia, kwa Kiswahili, tukitaja saa tulipoiandika: saa nne asubuhi.